Msindano au mvinje? Tambua miti ya koni kwa mkono wako

Mwangaluka wadau! Karibuni tena kitaluni, hapa Luchelele, Mwanza, ziwa mnaliona pale nyuma ya mawe. Leo hatuchanganyi udongo. Kila Desemba watu wanakuja kwangu kutafuta mti wa Krismasi, na kila mmoja ana mti wake kichwani: huyu anataka saipresi, yule araukaria, mwingine ameuona mvinje ufukweni akauita paina. Leo tunaitenganisha.

Tafuta tawi bichi, karatasi nyeupe, na koni kama ipo, yaani kile kigumu cha magamba kinachobeba mbegu. Basi.

Tuanze na mbegu, maana hapo ndipo kila kitu kinapoanzia. Miti ya koni ya kweli iko kwenye kundi la jimnospemu, yaani mbegu uchi. Embe linafunga mbegu ndani ya tunda. Hawa hawafungi. Hii ni koni ya msindano, yaani paina, nimeianika juani mpaka ikafunguka. Nabenua gamba moja... mnaziona? Mbegu mbili, pacha, kila moja na kibawa chake, zimelala tu juu ya gamba. Sijapasua chochote kuzifikia. Miaka yote hii nikibenua gamba bado nafurahi.

Sasa mvinje. Chukua hicho unachokiita sindano, shika huku na huku, vuta taratibu. Tk! Imechomoka kwenye kiungo, kama pingili ya muwa. Mdogo wangu, sogeza kamera. Hapana, imeshika mawe ya nyuma, mkono wangu ni ukungu mtupu. Subiri niweke karatasi nyeupe chini yake. Haya, hapo. Kwenye kiungo kuna vimeno vidogo vimezunguka, sita mpaka vinane. Hivyo vimeno ndiyo majani. Hicho kirefu cha kijani ni kijitawi. Na kile kikoni chake kina midomo midogo inayofunguka miwili miwili, ndani kuna tunda lenye kibawa, na mbegu imo ndani ya tunda. Kwa hiyo mvinje ni mmea wa maua, ndugu wa mbali kabisa na msindano. Naupenda, naupanda, unakinga upepo vizuri sana. Ila siuuzi kwa jina la paina.

Ukivuta na hakuna kiungo, njoo kwenye msindano wenyewe. Hapa nawaomba utulivu. Sindano za msindano zinatoka kwa vifungu, na kila kifungu kina kiala, yaani ala ndogo nyembamba ya kahawia, pale chini. Shika kwenye kiala, chini kabisa, ndipo uvute. Usivute sindano moja moja. Narudia, usivute sindano moja moja! Wala usiokote za chini ya mti. Mwaka wa kwanza wa kitalu niliokota zilizokauka, viala vimeshachakaa, nikahesabu mbili mbili, nikaandika vibao vya miche yote kwa hesabu ile. Mteja mmoja aliyesomea misitu ndiye aliyenionyesha, na nilirudia vibao vyote.

Kuna njia ya kujihakiki. Zibane sindano zako pamoja kwa vidole. Zikiwa tatu kamili zinaungana kuwa kijiti cha mviringo, maana kila moja ni theluthi ya duara. Ukiona pengo, moja imekuponyoka. Rudia, na shika kwenye kiala!

Upepo wa ziwa huu... subiri kidogo. Karatasi imeruka. Sawa.

Misindano inayopandwa sana nchini ni paina patula, asili yake Meksiko, na paina karibea. Yote miwili kwa kawaida ina sindano tatu, kwa hiyo kuhesabu peke yake hakutoshi. Angalia zinavyokaa: patula zinaning'inia laini kama nywele zilizochanwa, karibea ni ngumu na zimesimama zaidi. Hesabu vifungu kumi, maana vya sindano nne hujitokeza. Ukitaka kufanya mazoezi, kuna mashamba ya miti ya serikali Rubya kule Ukerewe na Buhindi kule Buchosa. Omba ruhusa kwanza.

Saipresi haraka: majani ni magamba madogo yamelala kwenye kijitawi, koni ni kijiduara kama gololi. Ukiona vijitawi bapa vimesimama wima kama kurasa za kitabu, na koni ina vipembe, hiyo ni thuya. Araukaria inajitaja yenyewe, matawi yake yako ghorofa kwa ghorofa. Mimi Krismasi nachagua araukaria kwenye chungu, sikati mti.

Mpodo hautakuonyesha koni unayoijua. Majani ni bapa, mbegu imevikwa nyama hata unadhani ni tunda. Unaota wenyewe kule msitu wa Minziro, Kagera.

Wa mwisho ni huu wa hotelini unaoitwa mnazi mdogo. Si mnazi, ni saikadi, nayo ni ya kundi la mbegu uchi. Geuza jani dogo moja la pembeni uangalie kwenye mwanga. Mshipa mmoja katikati: saikasi. Mishipa mingi sambamba, hakuna wa katikati: ni ensefalatosi, na aina moja ni ya pwani yetu hapa Tanzania. Mbegu za saikadi hizi zote ni sumu, zinaweza kuua mbwa. Mwenye watoto au mbwa, okota mbegu zote zinazodondoka. Mimi simuuzii mtu kabla sijamwambia hilo.

Ukiwa na mti umekushinda, nitumie picha tatu: kijitawi juu ya karatasi nyeupe, kifungu kikiwa na kiala chake, na koni. Picha ya mti mzima kutoka ng'ambo ya barabara hainisaidii. Na kiala, jamani, kisikatike!