Feni ya bafuni: umeme wake tuuchukue wapi?

Wakubwa shikamooni. Wenzangu, habari za asubuhi. Nimeambiwa niongee nusu saa, na hapa Mikindani jua likishakaa juu ya bati hamtanivumilia hata hiyo.

Mnajua inavyokuwa. Hela ya korosho imeingia, umeongeza chumba chenye choo na bafu humohumo ndani. Mwaka wa kwanza kinang'aa. Mwaka wa pili dari ya jipsamu ina madoa meusi, taulo halikauki, mlango wa mbao umevimba haufungi. Hewa ya pwani ina unyevu wake tangu asili; ukiongeza mvuke wa kuoga, hauna pa kwenda. Ndipo mtu ananunua feni ya kutolea hewa, halafu anamwita kijana: "Nifungie hii."

Niliitwa nyumba moja Shangani. Kijana alikuta waya wa hita ya kuogea umepita jirani, akaunganisha feni hapohapo. Ilizunguka vizuri, na mwenye nyumba akalipa. Lakini hita ile ina breka, ile swichi ya kwenye boksi kuu inayojikata umeme ukizidi, ya ampia 32, kwa sababu waya wake ni mnene. Waya wa feni ulikuwa mwembamba mno kwa breka hiyo. Siku feni ikipata hitilafu na waya ukaanza kuchemka, breka ya 32 haina habari. Waya utaungua kwanza.

Feni ichukue umeme kwenye sakiti ya taa, ya waya wa milimita 1.5 na breka ya ampia 6 au 10. Pigeni hesabu: ampia 6 mara volti 230 ni wati 1,380. Taa kumi za wati 9 ni wati 90, na feni ndogo ya bafuni ni kama wati 20. Nafasi ipo tele. Na wenye hofu ya LUKU: feni ya wati 20 inazunguka saa 50 ndipo imalize yuniti moja.

Sasa tupande darini, na hapa nitakaa kidogo. Nyumba mpya zina waya wa kahawia kuwa moto, yaani unaoleta umeme; bluu nyutro, unaourudisha; kijani chenye mstari wa njano ethi, wa usalama unaoenda ardhini. Za zamani ni nyekundu na nyeusi. Nyingi za kwetu ni mchanganyiko wa chochote kilichobaki dukani siku ile. Kwa hiyo usiamini rangi, pima.

Tena kuna ubaya mmoja ninaoukuta mara kwa mara: swichi imekatishwa kwenye nyutro, siyo kwenye moto. Ukizima, taa inazimika kweli, lakini moto bado umekaa kwenye holda. Ukiunga feni hapo, nayo itazimika huku ina moto ndani. Halafu dada anapanda kwenye stuli, sakafu imelowa, anaifuta vumbi kwa kitambaa kibichi. Swichi ya namna hiyo irekebishwe kwanza, feni baadaye.

Kabla ya kugusa chochote, zima breka. Swichi ya ukutani haitoshi. Na ile bisibisi ya testa, vijana, msiifanye hakimu: juani hamwoni kama imewaka, na ukiwa umevaa ndala za mpira inaweza kukudanganya. Tumia multimita, kile kipimo cha umeme chenye namba. Ipime kwanza mahali penye umeme uone inafanya kazi, pima pale unapotaka kushika, kisha irudishe penye umeme uihakikishe tena.

Ukitaka feni iende pamoja na taa, unga moto unaotoka kwenye swichi, nyutro na ethi, ndani ya kanekta, yaani kiungio cha skrubu, na boksi lenye kifuniko. Kusokota waya na kuzungusha tepu hapana. Chumvi ya bahari inaila shaba taratibu. Ukitaka swichi yake, vuta waya mpya kutoka boksi la swichi. Feni ya kujizima yenyewe baada ya dakika kadhaa inahitaji pia moto wa kudumu, usiopita kwenye swichi, na mara nyingi huo haupo pale kwenye taa. Feni ya plastiki isipokuwa na sehemu ya ethi, waya wa ethi usiukate. Ufungie kwenye kanekta yake.

Na kama bafu lako liko kwenye nyumba yenye RCD, kifaa kinachokata umeme unapovuja, ya miliampia 30, shukuru. Kama haipo, hiyo ndiyo ningenunua kabla ya feni. Kazi yenyewe mpe fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, mwombe akuonyeshe.

Mama hapa mbele anauliza: kwani hewa isitolewe tu juu ya dari? Hapana, mama. Utahamisha mvuke kutoka bafuni kwenda kwenye mbao za paa. Bomba la inchi 4 litoke hadi nje, literemke kidogo kuelekea nje ili maji yasirudi kwenye mota. Na usilielekeze kusini-mashariki. Upepo wa kusi ukivuma utasukuma hewa irudi ndani, na feni ndogo haishindani na kusi. Kama ukuta ni huohuo tu, nunua kifuniko chenye mapezi yanayojifunga. Chini ya mlango acha upenyo wa sentimita moja, maana feni haiwezi kutoa hewa isiyoingia.

Haya, ngazi iko pale nje. Nani anashika multimita?