Usitupe Boksi la Hewa: Jinsi ya Kuipa Injini Pumzi kwa Gharama Ndogo

Karibuni tena. Boneti iko wazi, injini imepoa, na kazi yetu leo ni hili boksi jeusi la plastiki linalobeba filta ya hewa. Wengi wakitaka gari liwe jepesi hulitoa lote na kufunga filta ya koni, ile iliyo wazi. Nakuomba usikimbilie huko. Koni iliyokaa wazi kando ya injini inavuta joto la radieta na ekzosi, na hewa ya moto ni nyepesi. Ikitoka nyuzi 20 hadi 50 inapoteza karibu asilimia 9 ya uzito wake. Injini ya petroli huchoma kilo moja ya mafuta kwa takriban kilo 14.7 za hewa, kwa hiyo hewa ikipungua mafuta nayo hupunguzwa, na nguvu inashuka. Mngurumo utaupata, mwendo hautaupata.

Tunaanza kwa kupima. Chukua mpira mwembamba unaoona ndani, mita tatu hivi. Ukunje kama herufi U juu ya ubao, kila mkono uzidi nusu mita, kisha mimina maji yenye rangi yafike katikati. Ncha moja inabaki wazi. Nyingine inatokea dirishani, inapita ukingoni mwa boneti mpaka kwenye tundu dogo utakalotoboa kwenye boksi, upande wa baada ya filta. Kabla ya kutoboa ng'oa boksi lote kwenye gari, na ukimaliza lifute vizuri, isibaki hata chembe ya plastiki. Na hapa nisikilize kwa makini: usichomeke mpira huu baada ya throto, ile vali inayofunguka ukikanyaga mafuta, hata siku moja. Kule mvuto ni mkali mno, maji yote yatanyonywa kwenye injini.

Sasa mwenzako ashike ubao, wewe endesha. Tafuta barabara tupu, gia ya pili, kanyaga mafuta mpaka mwisho. Angalia maji: upande mmoja yanapanda, mwingine yanashuka. Mwenzako asome tofauti kwa sentimita. Rudieni mara tatu, halafu toboa tundu la pili upande wa kabla ya filta, ziba lile la kwanza, mpime tena. Tuseme baada ya filta mmepata 30, na kabla ya filta 24. Maana yake filta inazuia sentimita 6 tu. Hizo 24 zote zinaliwa na bomba la kuingizia hewa, na ukinunua filta ya bei mbaya hutaziokoa.

Basi tulifuate hilo bomba. Kwenye hili gari linaishia nyuma ya taa, na mdomo wake, ona, vidole vitatu vyangu vimeujaza. Nalitoa, na mahali pake naweka bomba la mikunjo la milimita 75, linaloelekea nyuma ya grili ambako hewa ya nje inafika ikiwa baridi. Tundu la boksi nalipanua lilingane na bomba, kisha napiga msasa ukingo mpaka kucha ipite bila kukwama. Pale bomba linapoingia zungushia spongi ngumu, joto la injini lisipate upenyo. Mdomoni funga wavu, majani yasiingie.

Usilishushe bomba chini ya bampa kwa kufuata ubaridi. Gari likipita kwenye dimbwi injini itameza maji, na maji hayashindiliki kama hewa: pistoni ikigota, konrodi, ile fimbo inayoishika pistoni, inapinda. Hasara hiyo ni injini nzima.

Filta yenyewe, weka ya karatasi, mpya, ya saizi ya kiwandani. Zile za kupakwa mafuta ukizilowesha kupita kiasi, mafuta yanaganda kwenye waya wa sensa ya hewa, kile kifaa kinachopima hewa inayoingia, na vipimo vinaharibika. Bomba linaloishika sensa usilibadilishe upana, maana kompyuta inakadiria hewa kwa upana uleule iliopangiwa. Na kati ya sensa na throto pasivuje hata kidogo. Hewa ikiingia hapo bila kupimwa, mchanganyiko unakosa mafuta na taa ya injini inawaka.

Rudini barabarani mpime tena, gia ileile, barabara ileile. Kama namba imeshuka, kazi imefanyika. Kwa injini isiyo na tabo, yaani kifaa cha kuishindilia hewa, ongezeko la nguvu ni dogo, na utalisikia zaidi mizunguko ya injini ikiwa juu kuliko ukiwa kwenye foleni. Kama namba haijashuka, kagua mikunjo ya bomba. Kona moja kali inatosha kulibana.

Mwisho, ziba matundu yote mawili kwa vizibo vya raba vinavyokaza. Lile la baada ya filta likibaki wazi, vumbi linaingia moja kwa moja kwenye silinda. Baada ya wiki moja fungua tena boneti, kaza klampu, pitisha kidole ndani ya boksi upande wa baada ya filta. Kidole kitoke kisafi.