Neno na Jirani Zake: Msamiati wa Kiingereza cha Mitihani

Ndugu zangu, karibuni. Kabla sijasema lolote, naomba kila mmoja achukue karatasi aandike maana ya neno moja la Kiingereza: "enervate". Msitazamiane.

Naona wengi mmeandika kutia nguvu, kuchangamsha. Kosa hilo naliheshimu, kwa sababu neno linasikika kama "energy". Maana yake ni kinyume kabisa: kudhoofisha, kumwacha mtu hoi. Limetoka katika Kilatini, "nervus", yaani ukano, na ile "e" ya mwanzo ina maana ya kutoa. Aliyetolewa kano hawezi kusimama. Picha hiyo ikishaingia, neno halikuponyoki kirahisi. Ila angalieni: mzizi umetufaa baada ya kuijua maana. Kabla ya hapo tulifuata sauti, ikatupoteza. Mizizi ya Kilatini na Kigiriki naifundisha kwa moyo wote, lakini kama msumari wa kushikizia neno, si kama ramli ya kulibashiri.

Sasa nije kwenye orodha. Watahiniwa huniletea orodha za maelfu ya maneno, wamekesha nazo, macho mekundu, na kila mara roho inaniuma. Nyingi zilitungwa kwa ajili ya maswali ambayo hayaulizwi tena. SAT, mtihani wa kuingilia vyuo vikuu vya Marekani, iliondoa milinganisho ya maneno (neno hili kwa lile ni kama lipi kwa lipi) mwaka 2005, na mwaka 2016 ikaondoa pia sentensi za kujaza nafasi za mtindo wa zamani. GRE, ule wa kuombea masomo ya shahada za juu, nayo iliachana na vinyume na milinganisho mwaka 2011. Enzi zile mtahini aliweza kukutupia neno pweke, bila sentensi. Leo linakuja limekaa na wenzake, na anachotaka kujua ni kama unauelewa ukaaji huo. GRE ina swali lenye nafasi moja na majibu sita; unatakiwa uchague mawili yatakayoipa sentensi maana ileile. Ukipata moja ukakosa la pili, huna alama. Hapo aliyekariri tafsiri ya neno mojamoja anakwama.

Na hili la neno na jirani zake ndilo hasa lililonileta leo. Sisi wenyewe tunaliishi bila kufundishwa. Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga kura. Hakuna aliyekaa chini akakariri; tulisikia, tukasikia tena, mpaka yakazoeana masikioni. Tena tunasema mvua imesababisha maafa, lakini mgeni ameleta furaha. Kwa nini hatusemi amesababisha furaha? Kwa sababu "sababisha" limezoea kukaa na mabaya. Kiingereza kina tabia hiyohiyo: "cause" huandamana na "damage", na "problems", na "concern". "Commit" huenda na "crime" na "error". Ukiliweka mbele ya tendo jema, sarufi haina kosa ila sikio linakataa. Katika insha za IELTS, mtihani wa kimataifa wa kupima Kiingereza, msamiati ni robo nzima ya alama, na msahihishaji anaangalia pia kama maneno yameandamana na wenzake wa kweli. Kwa hiyo ukijifunza "commit", usiandike tafsiri ukaenda kulala. Tafuta maneno matatu yanayolifuata mara kwa mara, uyaandike pamoja nalo.

Tuanze na maneno yapi? Mwaka 2000 mtafiti Averil Coxhead alitoa orodha ya familia 570 za maneno yanayojirudia katika maandishi ya kitaaluma ya fani mbalimbali. Familia hizo zinachukua takriban asilimia 10 ya maandishi ya aina hiyo. Si maneno ya fahari: "derive", "assume", "constitute". Lakini ndiyo yanayobeba hoja, na mtahiniwa aliyeyaruka akakimbilia maneno adimu amejenga paa kabla ya ukuta. Nasema familia kwa makusudi. Kama sisi tulivyo na soma, someka, somesha, msomaji, usomaji, wao wana "analyse", "analysis", "analyst", "analytical". Chukua ukoo mzima kwa pamoja. Gharama ni ndogo na faida inarudi mara nne.

Kuhusu kumbukumbu nitasema kwa ufupi. Mwaka 1885 Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa silabi zisizo na maana. Alionyesha kwamba sehemu kubwa ya usahaulifu hutokea mapema, na kwamba marudio yaliyoachanishwa kwa siku hushinda marudio ya mkupuo. Kwa hiyo tengeneza kadi, lakini upande wa mbele andika sentensi yenye pengo, siyo neno. Jilazimishe kulitoa neno kichwani kabla ya kugeuza. Ukilipata, lisogeze likae siku nyingi zaidi. Ukilikosa, lirudi kesho. Kusoma orodha tena na tena kunakupa hisia kwamba unajua, na hisia hiyo huyeyuka mbele ya karatasi ya mtihani.

Sasa geuzeni zile karatasi. Bila kutazama mlichoandika mwanzo, andikeni sentensi moja ya Kiingereza yenye "enervate", na ndani yake kuwe na kitu kinachomwacha mtu hoi: joto, homa, safari ndefu. Nawapa dakika mbili, kisha nitapita nisome.