Nyota mbili za babu

REHEMA: Karibuni wasikilizaji. Tuko Moshi, Majengo, sebuleni kwangu, na hiyo kelele mnayoisikia ni mvua juu ya bati. Mimi ni Rehema.

ANAELI: Na mimi ni Anaeli. Nimeteremka kutoka Machame na daladala, nimelowa mpaka soksi. Nisameheni nikipiga chafya.

REHEMA: Leo tunawazungumzia babu zetu waliokwenda vitani. Si Kagera, ile tutaitafutia siku yake. Tunasema vita vya Mjerumani na vita vya Hitla, yaani vita vya kwanza na vya pili vya dunia. Haya Mangi, toa ulichotuletea.

ANAELI: Nimekuja nacho mfukoni, ndani ya kitambaa. Shika.

REHEMA: Kumbe kizito! Wasikilizaji, nimeshika nyota. Ina pembe sita, rangi ya shaba iliyofifia. Katikati kuna taji, na herufi G, R, I. Utepe wake ni wa buluu iliyokolea, una mstari mwekundu mpana katikati, halafu mistari ya rangi ya chungwa huku na huku. Umechakaa, nyuzi zimeanza kuachana.

ANAELI: Hiyo ni nyota ya Bama. Babu yangu mzaa baba alikuwa Keya.

REHEMA: Kwa vijana: Keya ndiyo KAR, King's African Rifles, jeshi la mkoloni wa Kiingereza huku kwetu.

ANAELI: Eeh. Na Bama ndiyo Burma, siku hizi Myanmar. Wazee hawakusema Burma. Kama Madagaska walivyoiita Bukini, na Ethiopia wakaiita Habeshi. Ukimsikia mzee anasema "Habeshi, Bukini, Bama", hapo anakutajia njia nzima. Habeshi mwaka 1941, Bukini mwaka 1942, halafu wakapelekwa Sailoni, siku hizi Sri Lanka, kufanya mazoezi, na mwaka 1944 wakaingia Bama kumkabili Mjapani.

REHEMA: Naye alipita zote?

ANAELI: Hapana, yeye ni Bama tu. Alichelewa kuandikishwa. Sasa geuza nyuma. Unaona nini?

REHEMA: Patupu. Hakuna kitu.

ANAELI: Hakuna jina, hakuna namba. Mimi miaka yote niliamini hiyo ni dharau ya mkoloni, kwamba Mwafrika hakustahili kuandikiwa jina. Baadaye nikasoma, kumbe Uingereza iliamua nyota za vita vile zitolewe bila majina hata kwa askari wake wa London. Waliowaandikia watu wao majina ni kina Australia na Afrika Kusini.

REHEMA: Basi hapo umewaonea.

ANAELI: Kwenye nyota nimewaonea. Kwenye mshahara sijawaonea. Mshahara ulikwenda kwa rangi ya ngozi, na malipo ya kuagwa baada ya vita hivyo hivyo. Hilo halina ubishi.

REHEMA: Sasa ngoja. Mwaka jana uliniambia ziko mbili.

ANAELI: Zilikuwa mbili.

REHEMA: Labda moja ilikuwa ile nyingine, ya 1939 hadi 1945. Zinafanana umbo.

ANAELI: Ya pamoja anayo, utepe wake una rangi tatu zilizolingana, buluu, nyekundu na buluu mpauko. Hiyo naijua. Nasema nyota mbili za Bama, sawasawa kama mapacha. Na mtu hupewa moja. Nitafika huko, usinikimbize.

REHEMA: Haya, sikukimbizi. Alikuwa akisimulia?

ANAELI: Thubutu! Babu alikuwa na kabuti la jeshi, lile zito la sufu. Mwezi wa saba baridi ya Machame inapokaza, analivaa usiku anakwenda kufungulia maji ya mfongo, ule mfereji wetu Wachaga, kwa zamu yake, anamwagilia migomba na kahawa. Sisi watoto tunamfuata nyuma na kibatari, tunamuuliza, "Babu, uliua Wajapani wangapi?" Anasema, "Shika kibatari vizuri." Ndiyo jibu hilo. Mwaka mzima.

REHEMA: Ha! Wa kwetu naye alikuwa vile vile.

ANAELI: Lakini mwili wake ulikuwa unasimulia. Kila asubuhi anapindua viatu na kuvigonga chini kabla hajavaa, hata ndala. Kila akitoka kwenye majani anajikagua miguu, katikati ya vidole. Bibi akatuambia ni ruba. Bama kulikuwa na ruba wanaoingia mpaka ndani ya buti. Na chakula cha kopo hakuruhusu kiingie nyumbani. Baba mkubwa aliwahi kuleta nyama ya kopo kutoka Dar, Krismasi, mzee akainuka akaenda kukaa kihambani, kule kwenye migomba, mpaka tulipomaliza kula.

REHEMA: Masikini.

ANAELI: Nilipokuwa mkubwa nikaanza kutafuta mwenyewe. Tanganyika ilitoa wanajeshi zaidi ya 80,000 kwa vita vile. Waliokwenda Bama wengi walikuwa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, alama yao begani ni kichwa cha kifaru. Humo kulikuwa na batalioni za Tanganyika, ya 26 na ya 36, wamechanganywa na watu wa Kenya, Uganda na Nyasaland, wote wanaelewana kwa Kiswahili. Kiswahili cha kambini kile, cha "mimi nataka wewe kuja hapa", lakini kilifanya kazi.

REHEMA: Bibi yangu alikuwa akikiiga, sisi tunaanguka kwa kucheka.

ANAELI: Wakapelekwa bonde la Kabaw mwaka 1944, wakati wa masika ya huko. Majenerali walitaka Mjapani afuatwe hapo hapo mvuani, asipewe nafasi ya kupumua. Bonde hilo lina malaria mpaka Waingereza wenyewe waliliita bonde la mauti. Askari wanamezeshwa vidonge vya njano kila siku, ngozi inakuwa njano. Magari yanazama matopeni, vyakula vinadondoshwa kwa ndege. Mapema Desemba wakafika Kalewa, mto Chindwin, wakavuka, na wahandisi wakatandika pale daraja la vyuma la zaidi ya mita 350. Wakati ule hakukuwa na daraja la namna ile refu kuliko lile duniani.

REHEMA: Na huyo mtu anarudi Machame anagombea zamu ya mfongo.

ANAELI: Anagombea zamu ya mfongo na jirani ambaye hajawahi kuvuka Himo!

REHEMA: Na wengine hawakufika hata huko Bama. Ile meli, Khedive Ismail. Februari 12, 1944, inatoka Mombasa kwenda Sailoni, ina kikosi kizima cha mizinga cha Afrika Mashariki ndani. Nyambizi ya Mjapani ikaipiga karibu na visiwa vya Maldives. Ilizama kwa dakika mbili tu. Watu karibu 1,300 wakafa. Dakika mbili, Anaeli, hujamaliza hata kumvalisha mtoto shati. Ukiuliza habari hiyo shuleni hapa mjini, hakuna anayeijua.

ANAELI: Wanaijua Titanic.

REHEMA: Wanaijua mpaka na wimbo wake. Haya, zamu yangu. Mimi ni vita vya kwanza. Baba yake bibi yangu alikuwa mpagazi.

ANAELI: Wa Mjerumani au wa Mwingereza?

REHEMA: Wa wote wawili! Kwanza alibebeshwa na Mjerumani, kisha Mwingereza akamkamata na mzigo wake kichwani, akamwambia, "Endelea kubeba, ila sasa unaelekea huku." Bibi alilisimulia kama kichekesho, na ninadhani baba yake ndiye aliyemfundisha acheke.

ANAELI: Na vita vile vilipiganwa hapa hapa petu, watu wanasahau.

REHEMA: Ndiyo maana nimeleta ramani. Novemba 1914 wanapigana Tanga, siku zile zile wanapigana Longido. Machi 1916 Jenerali Smuts wa upande wa Mwingereza anaingia kutokea Kenya, wanapigana kwenye vilima vya Latema na Reata, vile unavyoviona ukivuka Holili kwenda Taveta. Mjerumani anaiacha Moshi, anarudi nyuma, na tarehe 21 Machi wanapigana Kahe. Kahe hii hii ya mpunga! Mjerumani alikuwa ameweka pale bunduki kubwa ya manowari ya Königsberg, iliyokufa kule Rufiji mwaka uliotangulia. Bunduki ya manowari, Kahe. Na pasipo na reli unadhani nani aliivuta?

ANAELI: Kina babu.

REHEMA: Kina babu. Mzigo wa mpagazi mmoja ni kilo kama 25, unatembea siku nzima, jioni unapewa unga ambao hauna hata kuni za kuupikia. Hawakufa kwa risasi hao, walikufa kwa kuhara damu, homa na njaa. Upande wa Mwingereza peke yake, waliokufa na wakaandikwa ni zaidi ya 40,000. Wasioandikwa wana idadi yao. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, na sisi tukakipa jina letu tukalifanya soko.

ANAELI: Kariakoo.

REHEMA: Kila siku mtu anasema "nashuka Kariakoo kununua vitenge" na anasimama juu ya kambi ya wapagazi. Simlaumu, mimi mwenyewe nilikwenda miaka kumi kabla sijajua.

ANAELI: Huyo baba yake bibi mwenyewe alirudi vipi?

REHEMA: Alirudi kwa miguu. Akaja kukaa hapa mjini, akauza maji. Bibi anasema utosini alikuwa na bonde, kidole kinalala. Bibi alipokuwa mtoto alikuwa anapenda kuweka mbegu ya ubuyu pale aone kama itadondoka. Na mzee hakubeba tena kitu kichwani maisha yake yote. Madebe ya maji aliyachukua kwa mzega, begani. Watu walimwambia kichwani ni rahisi zaidi. Alikataa.

ANAELI: Kaburi lake lipo?

REHEMA: Lipo hapa, tunalijua. Lakini nikuambie kitu. Mimi nakwenda gulio la Taveta Jumamosi, unajua biashara yangu. Siku moja nikaingia kwenye makaburi ya vita pale. Mawe yamepangwa safu, nyasi zimekatwa kama zulia, kila mtu na jina lake na kikosi chake. Nikatembea safu zote nikitafuta mpagazi. Sikumwona hata mmoja. Mwaka 2021 tume yao ya makaburi ya Jumuiya ya Madola ikatoa ripoti, ikakiri: watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi ni wa Afrika Mashariki na Misri.

ANAELI: Miaka mia baadaye.

REHEMA: Mia na zaidi. Waliomba radhi. Sawa, tumepokea.

ANAELI: Ukitaka kuona tofauti nenda Tengeru. Kuna makaburi ya Wapolandi. Wale walihamishwa na Warusi mpaka Siberia, wakapitia Iran, na kuanzia mwaka 1942 wakaletwa hapo Tengeru, kama watu 5,000, wengi wanawake na watoto. Wakati huo huo wanaume wetu wanaondoka. Yaani Mpolandi analetwa Meru kukimbia vita vya Hitla, na Mmeru anapelekwa Bama.

REHEMA: Na makaburi yao yanatunzwa.

ANAELI: Vizuri sana, na sina kinyongo. Mtu akikumbuka wafu wake nitamsema nini?

REHEMA: Haya. Nyota mbili. Muda unakwenda na mvua imepungua.

ANAELI: Ni hivi. Baada ya vita babu alikuwa na rafiki, walitoka jeshi moja. Bibi hakujua jina lake, alimwita tu "yule Mrangi", mtu wa Kondoa. Alikuwa kuli pale stesheni ya reli Moshi. Siku moja akapanda mpaka nyumbani, anataka nauli arudi kwao, mama yake mgonjwa. Hana cha kuweka rehani ila nyota. Babu akampa shilingi kumi. Mrangi akasema, "Nitarudi kuikomboa." Hakurudi.

REHEMA: Na shilingi kumi wakati ule ni fedha.

ANAELI: Zilikuwa za bibi! Za kahawa, alikuwa amezitenga anunue jembe. Miaka arobaini, bibi akikasirika, anasema, "Ile siyo nyota, ile ni jembe langu." Wakati mmoja alikuja mtu ananunua vyuma chakavu, bibi akaitoa. Babu akamfuata yule mtu mpaka barabarani, akairudisha. Hakugomba. Akaifunga kwenye leso akairudisha kwenye sanduku la bati.

REHEMA: Amana ni amana.

ANAELI: Babu akafariki mwaka 1988. Baba na baba mkubwa wakasema azikwe na kabuti lake na nyota yake kifuani. Wanafungua sanduku, leso imeshafunguka, nyota mbili zimelala pamoja. Ipi ya mzee? Wakabishana, watu wanasubiri nje na jeneza. Bibi akasema, "Mvisheni yoyote, hakuna inayomjua." Wakachagua inayong'aa.

REHEMA: Hapo hata mimi ningefanya hivyo.

ANAELI: Zikapita kama wiki mbili, tunachambua kahawa na bibi, akaanza kucheka peke yake. Nikamuuliza kulikoni. Akasema kila Krismasi babu alikuwa anachukua jivu na kitambaa, anasugua nyota moja. Moja tu.

REHEMA: Usiniambie.

ANAELI: Ya Mrangi. Yake hakuwahi kuigusa.

REHEMA: Kwa hiyo mmemzika na ya Mrangi.

ANAELI: Tumemzika na ya Mrangi. Hiyo uliyoshika, iliyofifia, ndiyo ya babu.

REHEMA: Subhanallah. Basi wasikilizaji wa Kondoa, kama mlikuwa na babu wa Keya, alikuwa kuli Moshi, na nyumbani hamkuiona nyota yake, tutafuteni. Nyota ipo, mtapewa hii ya mzee. Na zile shilingi kumi, Anaeli?

ANAELI: Hizo bibi hakuzisamehe. Aje na jembe.