Ndoo ya Maji na Mhusika Asiye na Uzito

Asalaam alaykum, na shikamooni nyinyi mlionizidi umri, ingawa nikitupa jicho humu ukumbini naona mko wawili tu. Wengine, mambo vipi?

Ndoo hii msiiogope. Kijana aliyenipokea hapa Bagamoyo asubuhi aliniuliza kama ni maji ya kunywa, nikamwambia hapana, huyo ni msaidizi wangu. Ni ndoo ya lita 10, imejaa maji ya bomba, na tutaifikia. Nikisahau mnikumbushe, maana mimi nikianza kusema sikomi, wenyeji wangu wanalijua hilo na bado wameniita.

Nimeombwa nieleze nilivyojifunza kubuni wahusika na uhuishaji, au animesheni kama mnavyosema wenyewe, nilipokuwa mwanafunzi wa sanaa kama nyinyi. Kwenye karatasi wameniandikia mambo sita. Tutaona.

Nianze na macho. Kila mwaka vijana wananiletea madaftari yao niyatazame. Nafungua, nakutana na macho makubwa kama sahani za pilau, nywele zimesimama, kidevu kimechongoka. Uso mmoja umechorwa mara arobaini. Sawa, mkono ni mzuri. Nageuza kurasa kutafuta miguu. Miguu hakuna! Au ipo lakini imezama kwenye majani. Mtoto wa Kariakoo, maisha yake yote ni lami na vumbi, lakini kwenye daftari amesimama kwenye majani hadi magotini kwa sababu aliyemchora hajui kuchora nyayo. (Kicheko.) Mnacheka kwa kuwa mnajijua. Na mikono je? Mikono iko mfukoni. Wahusika wote wana mifuko.

Nami nilikuwa hivyohivyo. Sikuzaliwa najua.

Mwaka wangu wa pili chuoni, chuo chenyewe sikitaji, tulipewa zoezi la kumtembeza mhusika. Kutembea tu, hakuna kingine. Hesabu mnaijua: fremu, yaani picha mojamoja, ni 24 kwa sekunde, ukichora kwa mbilimbili unahitaji michoro 12, kila mmoja unakaa fremu mbili. Hatua moja nusu sekunde. Mguu wa kulia, mguu wa kushoto, sekunde moja imekwisha, unarudia. Na kila hatua ina mapozi manne: kisigino kinagusa chini, mwili unashuka, miguu inapishana, mwili unapanda. Niliyahifadhi kama mtoto wa madrasa anavyohifadhi alifu, bee, tee. Kichwa chini, kichwa juu, kichwa chini, kichwa juu. Kitabu kilisema hivyo, na kitabu kilitoka mbali.

Nikachagua mhusika wangu: mwanamke anayetoka kuteka maji, ndoo kichwani. Nilitaka awe wa kwetu, si mnajua ule uzalendo wa mwaka wa pili. Kanga peke yake ilinichukua wiki mbili. Pindo nilichora, mji nilichora, na jina la kanga nikaliandika kwa herufi safi kabisa, kwenye michoro yote 12, herufi zikikunjamana na nguo. Nikaupeleka kwa mwalimu kifua mbele.

Akautazama mara tatu, hakusema kitu. Kisha akauliza, “Ndoo hii ina maji?”

Nikasema, “Ndiyo, mwalimu, imejaa.”

“Basi huyu mama ni jini.” (Kicheko.)

Mimi sikucheka. Akaniambia nitazame ukingo wa ndoo. Ilikuwa inapanda na kushuka kama mchi kwenye kinu. Ingekuwa ndoo ya kweli, mtaa mzima ungelowa. Akanirudishia karatasi zangu, akasema, “Nenda kateke maji.” Basi. Hakuna maelezo.

Nilikasirika, nisiwafiche. Mimi nimeacha kwetu nimekwenda kusoma sanaa, na darasani wasichana tulikuwa wawili, halafu mwanamume mzima ananiambia nikateke maji! Nilikaa na hasira ile mpaka likizo, nikaja hapahapa Bagamoyo kwa shangazi yangu. Kwake siku zile bomba lilikuwa linatoka alfajiri tu, kwa hiyo kila mtu anaamka, ndoo na ngata. Siku ya kwanza nikajitwika. Hatua kumi, maji mgongoni. Hatua ishirini, nimelowa kama nimetoka kuoga. Shangazi akageuka. Na hapa nisikilizeni: hakugeuza shingo, aligeuka mwili mzima kama mlango. Akaniambia, “Mwanangu, usitembee na kichwa. Tembea na magoti.”

Hayo ndiyo masomo yangu yote ya uhuishaji. Mengine niliyolipia ada ni nyongeza.

Kesho yake sikubeba ndoo, nilibeba daftari. Nikamfuata shangazi nyuma, akanuna kidogo, nikamwambia ni kazi ya shule. Kila hatua nikaweka nukta pale ukingo wa ndoo ulipo nikiulinganisha na ukuta wa jirani. Nilipoziunga nukta zile, mstari ulikaribia kunyooka. Mstari wa mama yangu wa kwenye karatasi ulikuwa mawimbi ya kusi. Ule mpando na mshuko ambao kitabu kinautaka ulikwenda wapi? Uliliwa na magoti na nyonga. Goti la shangazi halikunyooka hata mara moja, nyonga ilizunguka taratibu, mguu ulikaa chini muda mrefu zaidi kabla ya kunyanyuka. Nilipohesabu, hatua yake haikuwa fremu 12, ilikuwa kama 16. Na alipopishana na jirani, jirani akasema “Shikamoo, Mama,” shangazi akaitika “Marahaba” kwa nyusi. Kichwa hakikutikisika hata kidogo.

Mnaona? Hajafungua mdomo zaidi ya neno moja, na tayari mnamjua ni mtu wa namna gani. Macho yake yana ukubwa gani? Hamjui. Mmemwona lakini.

Na msidhani ni mambo ya shangazi yangu tu. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa kwa wanawake wa Kijaluo na wa Kikuyu kule Kenya. Waliwapima pumzi wakitembea na mizigo, wakakuta mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili hauwaongezei matumizi ya nguvu. Mama wa kilo 60 anabeba kilo 12 kana kwamba hana kitu. Wanasayansi wenyewe walistaajabu. Halafu wewe, uliyekua unatumwa maji tangu darasa la pili, unafungua mchoro wa mtu anayetembea barabara za London, unamwekea ndoo juu, unasema umechora Mwafrika.

Likizo ileile nikahamia soko la samaki, pale pwani. Kuna mchukuzi mmoja, mtu mzima sana, alikuwa anapandisha samaki kutoka kwenye ngalawa, ndoo mkono mmoja. Bega la upande wa ndoo limeshuka, kiwiliwili kimeegemea upande wa pili, mkono mtupu umetoka nje kama wa mtu anayepita juu ya ukuta mwembamba. Mchanga unazama, kwa hiyo kisigino hakigusi kwanza, anatua unyayo wote. Nimekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, nachora. Akasimama mbele yangu.

“Binti, unanichora mimi au mzigo?”

“Wewe, babu.”

“Basi ngoja niutue. Saa hizi anayetembea ni mzigo.”

Akautua, akapanga foleni kupokea hela yake, na wallahi alikuwa mtu mwingine. Mwepesi, mtani, anatembea kwa vidole. Nilikuwa na wahusika wawili kwenye daftari na mtu mmoja mbele yangu.

Tena mko Bagamoyo! Kila mgeni akifika anasimuliwa kwamba jina limetokana na wapagazi wa misafara kubwaga moyo baada ya safari ndefu kutoka bara. Wengine wanaeleza vingine, mimi simo kwenye ugomvi huo. Ninachotaka mkitazame ni kitendo chenyewe, kubwaga. Mtu anayebwaga mzigo hatumii mikono, miguu wala pumzi kama anayeutua. Anayeutua hafanani na anayeuweka. Kutwika si kubeba, kupakata si kukumbatia. Halafu miguuni: kunyata, kuchechemea, kupepesuka, kujikongoja, kujikokota, kuranda. Kila kitenzi hapo ni zoezi la sekunde mbili. Chora mzee anajikongoja, halafu chora mlevi anapepesuka, uone kama utatumia mapozi yaleyale manne. Lugha imeshatufanyia nusu ya kazi, sisi tunasubiri video ya mtu wa California atueleze.

Najua kuna mmoja pale nyuma ana neno. Anataka kusema, “Mama, mteja anataka macho makubwa, na mimi nataka kula.” Kula, baba. Mchoree macho. Sijasema macho ni haramu. Lakini Mjerumani mmoja, Lotte Reiniger, mwaka 1926 alitoa filamu ya zaidi ya saa nzima kwa vikaragosi alivyokata kwa mkasi, karatasi nyeusi tii. Vivuli vitupu. Huoni mboni wala kope, na bado unajua nani ana hila na nani ana mapenzi, kwa shingo na vidole tu. Kwa hiyo mjaribuni mhusika wenu: mpakeni wino mweusi mwili mzima. Kama hatambulikani, hamna mhusika, mna nywele.

Mwingine atasema akili mnemba itamtembeza. Nimejaribu, msidhani naogopa mashine, nyumbani natumia Blender na Krita, programu za kuchora na kuhuisha, zote za bure, na ninyi mtumie. Niliiomba hiyo akili mnemba mama mwenye ndoo kichwani. Ikanipa mama mzuri, ngozi inang'aa, na anatembea kama yuko kwenye onyesho la mavazi. Kichwa juu, kichwa chini. Nikasema tobaa, hii nayo ilisoma kitabu kilekile! (Kicheko.) Sasa kama hujawahi kubeba ndoo, utajuaje kwamba imekosea? Utaipokea, utamlipa mwenye mashine, na utamwekea na muziki.

Kitu kimoja kinaniudhi hapa, na nakisema kwa upendo. Nyinyi wa uchoraji mnakaa huku, wenzenu wa ngoma wanakaa kule. Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho sasa ndicho TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, kilianza mwaka 1981. Mwaka huohuo wachoraji wawili wa Disney, Frank Thomas na Ollie Johnston, walichapisha kanuni 12 za uhuishaji ambazo dunia nzima inazifuata. Mojawapo ni kujiandaa: kabla ya kuruka juu, mwili unashuka. Mcheza sindimba analijua hilo kabla hujamwambia, goti lake linaingia kabla nyonga haijajibu ngoma. Amejiandaa, kisha amebonyea na kurefuka, kanuni mbili kwa pigo moja. Na nyinyi mnapita nje ya darasa lake mkiwa na vipokea sauti masikioni, mnakwenda kutafuta kanuni kwenye simu.

Naonyeshwa saa. Dakika ngapi? Tano! Haya.

Midomo, haraka. Zile chati za midomo mnazopakua, za kuonyesha mdomo wa mhusika unakaaje kwa kila sauti, zimetengenezwa kwa Kiingereza. Kiswahili kina irabu tano, na silabi zetu nyingi zinaishia na irabu, kwa hiyo mdomo unafunguka mwisho wa silabi. Chora a, e, i, o, u, ongeza mdomo uliofumba kwa m, b na p, na mmoja wa meno juu ya mdomo wa chini kwa f na v. Hapo unaanza kazi. Na m ya “mtu” ina silabi yake, ipe fremu zake, usiipite kama haipo.

Karatasi ya mhusika, ile inayomwonyesha kutoka kila upande: mbele, robo tatu, ubavu, mgongo. Mgongo ndio mnaousahau. Filamu fupi ya dakika tatu, ukichora 12 kwa sekunde, ni michoro 2,160, kwa hiyo kila kifungo unachomwongezea shati lake utakichora mara 2,160. Fikiri kabla ya kumvalisha.

Mikataba na Sheria ya Hakimiliki ya 1999 vilikuwa namba tano na namba sita. Havitawezekana leo. Mniite tena, nije na mwanasheria, na safari hiyo mnipe saa mbili.

Nani kasema ndoo? Ahsante. Ngata ninayo kwenye mkoba. Wewe dada wa shati la kijani, njoo. Umewahi kujitwika? Muda mrefu, eeh, haya, tutakutwika. Na wewe kaka unayejificha nyuma ya mwenzio, utafuata, hujawahi kabisa nakuona. Dada atatembea kutoka hapa mpaka mlangoni na kurudi, kisha kaka. Simu na madaftari mliyoweka pembeni ya sakafu yaondoeni, maana zamu ya kaka itakuwa na mvua. Waliobaki, penseli. Chagueni alama kwenye ukuta, wekeni nukta pale ukingo wa ndoo ulipo, kila hatua nukta moja. Uso nisiuone kwenye daftari la mtu.

Haya, dada. Taratibu. Magoti.