Kabla Hatujaliwasha: Gari la Kufunua Paa, Kitufe kwa Kitufe

Wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu hamjambo. Habari za huko nyumbani? Leo hatuendi popote. Gari limeegeshwa, injini imezimwa, na mimi nimekaa nyuma ya usukani na kitabu cha maelezo mapajani. Najua wengi mliandika, "Dada, fungua paa tuone." Paa nitalifungua, msiwe na wasiwasi. Lakini kwanza nataka tulijue gari hili kwa mikono, kiasi kwamba usiku, mvua inanyesha na lori liko mbele yangu, mkono uende penyewe bila macho kutafuta.

Gari lenyewe ni Volkswagen T-Roc Cabriolet, la petroli, injini lita 1.5, milango miwili, viti vinne. Usukani uko kushoto kwa sababu niko Ujerumani na huku tunapita kulia. Limetengenezwa hapa hapa, mji wa Osnabrück, kaskazini-magharibi mwa nchi. Mji huo una historia ndefu ya magari ya wazi. Kiwanda cha Karmann kilianzishwa pale mwaka 1901, na kuanzia 1949 hadi 1980 kilikuwa kinaunda ile Volkswagen ya duara, ya injini nyuma, lakini ya kufunua paa. Karmann ilifilisika mwaka 2009, Volkswagen ikachukua sehemu kubwa ya kiwanda, na mafundi wa pale wakaendelea na kazi wanayoijua.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana hiki ndicho kilichonifanya nirekodi video hii.

Kwenye gari la kawaida paa la chuma halizuii mvua tu. Linashikilia gari zima lisijipinde, na gari likipinduka ndilo linalobeba uzito ili kichwa chako kisibanwe. Ukiliondoa paa, umeondoa mfupa. Kwa hiyo watengenezaji wanalazimika kuongeza chuma sakafuni na pembeni, na ndiyo maana magari ya namna hii huwa mazito kuliko ndugu zake wenye paa. Miaka ya 1970 Wamarekani waliogopa kwamba serikali yao ingeyapiga marufuku kwa sababu ya ajali za kupinduka. Cadillac waliiuza Eldorado ya mwaka 1976 wakiitangaza kuwa ndiyo ya mwisho ya kufunua paa kutoka Marekani. Marufuku hiyo haikuja, na miaka michache baadaye wenyewe walirudi kuyatengeneza.

Huku Ujerumani walijibu kwa chuma. Golf ya kufunua paa iliyotoka mwaka 1979, kazi ya Karmann vilevile, ilikuwa na upinde wa chuma umesimama katikati, kutoka ubavu mmoja hadi mwingine. Wajerumani wakaibandika jina la kikapu cha stroberi, kwa sababu upinde ule ulifanana na mpini wa kikapu. Wapo walioona umeharibu sura ya gari. Mimi nauona mzuri sana, maana kila aliyepanda aliuona na akajua kazi yake. Halafu mwaka 1989 Mercedes-Benz wakaleta SL yenye upinde uliolala nyuma ya viti, usioonekana. Gari likianza kupinduka, upinde unasimama wenyewe kwa takriban theluthi moja ya sekunde.

Na kwenye gari hili? Njooni nyuma na kamera. Mnaona hapa nyuma ya vile viti viwili vya abiria, chini ya vichwa vya viti? Mnaona vifuniko tu. Ndani yake kuna nguzo za chuma zimekandamizwa. Kompyuta ileile inayosimamia mifuko ya hewa inapima muda wote gari limeinama kiasi gani na linasukumwa kwa nguvu gani. Ikihisi linapinduka, au limegongwa vibaya, nguzo zinachomoka kufumba na kufumbua. Zikishirikiana na fremu ya kioo cha mbele, ambayo imeimarishwa kwa kazi hiyo, zinaacha nafasi ya vichwa kati ya gari na ardhi.

Kwa hiyo sheria ya gari hili tangu leo: juu ya vifuniko vile hakiwekwi kitu. Si begi, si koti, si mwanasesere wa mtoto, wala mkono wa abiria hautegemezwi pale. Chochote kilicho juu yake kinaweza kuzuia nguzo, au kurushwa nayo.

Ila nguzo hizo zimepigiwa hesabu ya mtu aliyebaki kwenye kiti chake. Usipofunga mkanda, gari likipinduka hutakuwa chini ya nguzo, utakuwa barabarani. Naomba mlipokee neno hili kama linavyotoka moyoni. Huko nyumbani anayefunga mkanda mara nyingi ni dereva, tena akiwaona askari wa barabarani. Walioko nyuma wanakaa tu. Kwenye gari langu sisogei hata mita moja mpaka nimesikia mikanda yote imelia kap, mbele na nyuma, hata kama tunakwenda dukani tu.

Mkanda wenyewe kwenye gari hili unatokea mbali. Hakuna nguzo ya pembeni karibu na bega, kwa hiyo unageuza mwili kuufuata huku nyuma. Uvute, uupitishe katikati ya bega, usiguse shingo, na sehemu ya chini ilale kwenye mifupa ya nyonga, isilale tumboni. Mama mjamzito, hasa wewe: chini ya tumbo, kila siku.

Haya, kiti. Mimi huanza na miguu. Unakanyaga breki mpaka mwisho, na goti libaki limekunjwa kidogo. Kisha mgongo wote umeegemea, unanyoosha mkono juu ya usukani: kifundo cha mkono kiguse ukingo wa juu. Kati ya kifua na usukani zibaki angalau sentimita 25, kwa sababu mfuko wa hewa unatoka kwa nguvu ya mlipuko na unahitaji nafasi ya kujaa. Wafupi kama mimi tunapenda kuukumbatia usukani. Tuinue kiti badala ya kukisogeza mbele. Kichwa cha kiti nacho ukiinue, ukingo wake wa juu ulingane na utosi. Wengi hukiacha chini kikae shingoni, na pale ndipo kinapoumiza ukigongwa kwa nyuma.

Mifuko ya hewa sasa. Kwenye gari lenye paa kuna ile ya pembeni inayoshuka kama pazia kutoka darini. Hapa hakuna dari, kwa hiyo mfuko wa pembeni uko ndani ya kiti chenyewe, ubavuni, na umetengenezwa mrefu ufike mpaka kichwani. Ndiyo maana viti hivi sivivishi makava ya kununua barabarani, hata yakiwa mazuri namna gani. Kava linaweza kuuziba mshono ambao mfuko unatakiwa kuupasua.

Hili linalofuata ni kwa wazazi. Fungueni droo ya dashibodi. Hapa ndani kuna tundu la ufunguo. Ni la kuzima mfuko wa hewa wa abiria wa mbele. Mtoto mchanga aliyelazwa kwenye kiti kinachotazama nyuma HARUHUSIWI kukaa mbele kama mfuko huo unafanya kazi. Ukifyatuka utapiga mgongo wa kile kiti, na kichwa cha mtoto kiko pale pale. Ukizima, taa inawaka kwenye dashibodi kukwambia umezima, na akikaa mtu mzima lazima uuwashe tena. Mimi nachagua njia rahisi zaidi: watoto wote nyuma, kwenye viti vyao, vimefungwa kwenye vyuma vya ISOFIX, vile vilivyomo kwenye kiti cha gari vya kushikilia kiti cha mtoto. Sheria ya hapa inasema mtoto asiyefikisha miaka 12 na ambaye hajafika sentimita 150 lazima awe na kiti chake. Huko nyumbani naona bado tunawapakata mbele. Jamani, tusiwapakate mbele.

Redio, simu, ramani, hayo mtajifunza wenyewe, skrini inajieleza.

Vijiti vya usukani ndivyo vinavyowasumbua wageni kutoka kwetu. Gari za Kijapani tulizozizoea, usukani kulia, indiketa iko mkono wa kulia na waipa mkono wa kushoto. Hapa ni kinyume: indiketa kushoto, waipa kulia. Mtu aliyeendesha Dar au Nairobi miaka mingi anafika kwenye kona, badala ya indiketa anawasha waipa, na aliye nyuma yake hajui kwamba anakata. Dawa yake ni hii ninayofanya sasa hivi. Injini imezimwa, swichi imewashwa: kushoto, kulia, taa kali, maji ya kioo, waipa taratibu, waipa haraka. Halafu nafumba macho narudia. Taa za hazadi je? Hizi hapa katikati. Honi? Hapa. Kuondoa ukungu kwenye kioo cha mbele? Kitufe hiki, na kiguseni kabla ya siku ya baridi.

Hendibreki ya kuvuta haipo. Kuna swichi ndogo hii. Unaivuta juu, inafunga breki kwa umeme. Sasa jambo ambalo wauzaji wengi hawasemi: kama breki ya mguu imegoma ukiwa kwenye mwendo, unaivuta swichi hii juu na kuishikilia. Gari linajifunga breki kwa utaratibu mpaka lisimame. Ukiachia, linaacha. Kila anayekaa kiti cha mbele cha gari hili nitamwonyesha, kwa sababu abiria anaifikia, na dereva naye anaweza kuzimia.

Breki za ABS, zile zinazozuia tairi zisijifunge ukikanyaga kwa nguvu, kwa aina tunayoijua leo ziliingia kwenye gari la kuuzwa mwaka 1978, kazi ya Mercedes-Benz na Bosch, lakini bado madereva wengi wanazikanyaga kwa kupiga-piga kama walivyofundishwa zamani. Ukiwa na ABS kanyaga kwa nguvu zote na usiachie. Pedali itatetemeka chini ya mguu na utasikia mlio wa kukwaruza. Wengi wakihisi hivyo hushtuka na kuachia. Usiachie, ndivyo inavyofanya kazi, na usukani bado unakusikiliza. Tafuteni uwanja mtupu, jaribuni mara moja muufahamu ule mtetemo.

Juu hapa, kwenye fremu karibu na kioo cha ndani, kuna kitufe cha SOS. Ukikibonyeza, gari linapiga simu ya dharura na kutuma mahali lilipo. Mifuko ya hewa ikifyatuka linapiga lenyewe. Ulaya wameufanya mfumo huu kuwa lazima kwa aina mpya za magari tangu Machi 31, 2018. Nimewaambia watoto si kitufe cha kuchezea. Na nyuma ya kile kizuia jua cha dereva nimeweka karatasi ya uokoaji ya gari hili. Chama cha wenye magari hapa, ADAC, kinahimiza kila mtu awe nayo. Inawaonyesha zimamoto wakate wapi na wasikate wapi, betri iko wapi, nguzo zenye springi ziko wapi. Kwa gari kama hili ni muhimu zaidi, maana zimamoto akikata penye nguzo isiyofyatuka anaweza kuumia yeye.

Sasa paa. Swichi ni hii ya katikati. Ninaivuta na kuishikilia: vioo vinashuka kwanza, kufuli la mbele linaachia, paa linajikunja nyuma. Linachukua kama sekunde 9 kufunguka na 11 kufunga. Ukiachia swichi katikati ya kazi, paa linasimama lilipo, kwa hiyo shikilia mpaka likuambie tayari. Kampuni inaruhusu kufanya hivi gari likitembea hadi kilomita 30 kwa saa. Mimi nasema simama pembeni. Macho yako yatalifuata paa, hayatafuata barabara. Angalia kwanza dari la gereji, matawi ya mti, vidole vya watoto. Na kitambaa kikiwa kimelowa, likunjue likauke kabla ya kulikunja kwa muda mrefu, litaota ukungu.

Kile kizuia upepo cha wavu kinafungwa juu ya viti vya nyuma. Kikiwepo, hakuna abiria nyuma, na tusijaribu kumbana mtu chini yake.

Kuna mmoja wa Mombasa aliuliza kama anaweza kuliagiza hili. Kaka yangu, hili hapana. Kenya haisajili gari la usukani wa kushoto isipokuwa ya kazi maalumu, na gari lililozidi miaka 8 halipokelewi. Tafuta la Uingereza, kule usukani uko kulia.

Na ninyi wengine wote wenye gari, fanyeni kitu kimoja leo. Washeni swichi bila kuwasha injini, mtazame taa ya mfuko wa hewa, ile ya kimtu chenye mpira kifuani, au iliyoandikwa SRS. Inatakiwa iwake sekunde chache kisha izime. Ikibaki inawaka, mfumo una hitilafu na mifuko inaweza isifyatuke. Isipowaka kabisa, hilo nalo ni baya, kwa sababu huenda kuna mtu aliing'oa balbu ili auze gari. Niandikieni hapo chini aina ya gari, mwaka wake, na taa imefanya nini. Nitasoma zote, na zile zinazobaki zinawaka nitawajibu kwanza.