Dakika 40 na Saa 3: Jeraha la Moyo na Kazi ya Daktari wa Usingizi

Ndugu wenyeji, madaktari wenzangu, wauguzi na wanafunzi, asanteni kwa kunialika. Mada mliyonipa ni pana sana, nami nitaibana iwe swali moja tu. Moyo wa mgonjwa unapojeruhiwa mezani, au wodini siku mbili baada ya upasuaji, sisi watu wa usingizi tunaulinda kwa kitu gani? Nimeliuliza swali hili katika vikao vingi, na jibu halibadiliki: kwa mvuke, yaani dawa za usingizi za kuvuta kwa pumzi. Kwa isoflureni, kwa sevoflureni. Nikiuliza ushahidi, naletewa habari za mbwa.

Haya, tuanze na hao mbwa, maana hata habari yao haisimuliwi yote.

Mwaka 1986, Charles Murry, Robert Jennings na Keith Reimer wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walichapisha jaribio ambalo kila mmoja wenu amelisikia darasani. Mbwa wa kundi la kwanza walibanwa mshipa mmoja wa moyo kwa dakika 40 mfululizo, kisha ukaachiwa damu ipite. Wa kundi la pili, kabla ya hizo dakika 40, mshipa ulibanwa dakika 5 na kuachiwa dakika 5, mara 4. Pigeni hesabu: moyo wa kundi la pili ulinyimwa damu kwa dakika 20 zaidi ya ule wa kwanza. Mtu yeyote angetarajia uharibike zaidi. Katika kundi lisilotayarishwa, asilimia 29.4 ya eneo lililokuwa hatarini ilikufa. Katika lile lililobanwabanwa kwanza, asilimia 7.3. Robo tu!

Ninaelewa kwa nini tokeo hilo liliwasisimua watu. Msuli wa moyo, ambao tuliamini unapokea tu mapigo ya maradhi, ulionekana unaweza kujiandaa. Watafiti wale hawakubahatisha. Walikwishaona kwamba moyo ukinyimwa damu kwa vipindi vifupifupi, akiba yake ya nishati hushuka katika kipindi cha kwanza, lakini haiendelei kuporomoka kwa kadiri ile ile katika vipindi vinavyofuata. Wakajiuliza: je, msuli unaotumia nishati kwa uangalifu hivi utachelewa kufa? Ndiyo, ulichelewa.

Nimesema ulichelewa. Hapo ndipo wasimulizi wengi hufunga kitabu. Lakini katika makala ile ile kuna mbwa wengine waliotayarishwa kwa namna ile ile, dakika 5 kwa 5 mara 4, halafu mshipa ukabanwa kwa saa 3 badala ya dakika 40. Matokeo? Hakukuwa na tofauti yoyote kati yao na wale wasiotayarishwa. Kinga yote ilikuwa imekwisha. Nimewauliza wanafunzi wa shahada ya uzamili, wengi wao hodari kweli kweli, nao huzitaja dakika 40 bila kusita. Saa 3 hawajawahi kuzisikia. Walimu wao hawakuwaambia, na jambo hilo linaniudhi, kwa sababu fundisho kubwa la jaribio lile limo katika nusu hiyo ya pili. Matayarisho hayazuii kifo cha msuli. Yanakikawiza. Yanakupa muda, na muda huo una faida pale tu ambapo kuna mtu atakayeufungua mshipa kabla haujaisha.

Najua kuna mtu hapa anasema moyoni: lakini daktari, mgonjwa wetu mezani hafungwi mshipa kwa saa 3. Ni kweli. Mgonjwa wako wa kawaida, anayepasuliwa nyonga au utumbo, mara nyingi mshipa wake hauzibi kabisa. Una wembamba wa miaka mingi. Amepoteza damu, shinikizo limeshuka, mapigo yanakimbia 110 kwa dakika kwa sababu ya maumivu au homa, na msuli wa moyo unadai oksijeni usiyoipata. Hali hiyo haiishii kwenye dakika 40. Inaanza jioni na kuendelea usiku kucha wodini, wakati wewe na mimi tumekwenda kulala. Sasa niambieni, mgonjwa huyo yuko upande wa dakika 40 au upande wa saa 3?

Tuingie ndani ya seli kidogo, nisije nikaonekana napuuza sayansi ya maabara. Siipuuzi hata kidogo. Damu ikikatika, nishati hupungua, asidi hujaa, sodiamu huingia na kalsiamu huifuata. Cha ajabu ni kwamba asidi ile ile tunayoilaumu huwa inasaidia kuufunga mlango mmoja mkubwa katika utando wa mitokondria, vile vinu vya nishati vya seli. Mshipa ukifunguliwa, asidi husafishwa kwa ghafla, kalsiamu hufurika, molekuli kali za oksijeni huzalishwa kwa wingi, na mlango ule hufunguka. Mitokondria ikivimba na kupasuka, seli imekwisha. Mtu aliyekaa na njaa siku nyingi hupewa chakula kidogo kidogo, kwa kuwa sahani iliyojaa inaweza kumuua, na msuli wa moyo nao uko vivyo hivyo mbele ya damu inayorudi. Jennings alikwisha kuandika juu ya jeraha la aina hiyo katika mioyo ya mbwa mwaka 1960. Wala hii si sababu ya kuacha kuufungua mshipa. Usipoufungua, msuli utakufa wote. Nalisema hili wazi kwa sababu nimewahi kumsikia mtu akilitumia jeraha la damu kurudi kama kisingizio cha kukawia.

Hapo ndipo dawa zetu zikaingia. Mwaka 1997, Judy Kersten na wenzake wa Milwaukee walionyesha kwamba isoflureni, ikitolewa kabla ya mshipa kubanwa, huwakinga mbwa karibu kama vile kubanabana mshipa, na kwamba kinga hiyo hupitia milango ya potasiamu inayotegemea nishati ya seli. Ukiifunga milango hiyo kwa glibenklamaidi, kinga inatoweka. Niwakumbushe, glibenklamaidi ni kidonge cha kisukari. Mgonjwa wako mwenye kisukari, ambaye moyo wake ndio hasa ungependa kuulinda, huenda amekimeza kwa miaka. Mbwa wa maabara hana kisukari. Hana miaka 70, hajavuta sigara, hana shinikizo la damu, hanywi dawa tano kila asubuhi. Tulichukua kinga iliyopatikana kwa wanyama wazima wa afya, tukaihamishia kwa watu ambao njia zenyewe za kinga zimeharibiwa na maradhi au zimefungwa na dawa, kisha tukashangaa haifanyi kazi.

Mwanzoni tulitiwa moyo. Mwaka 2002, Stefan De Hert na wenzake kule Ubelgiji walionyesha, kwa kundi dogo la wagonjwa wa upasuaji wa mishipa ya moyo, kwamba waliopewa sevoflureni walitoka na moyo unaosukuma vizuri zaidi na troponini ndogo, yaani ile protini inayovuja kwenye damu msuli wa moyo ukiumia, kuliko waliopewa propofoli, dawa ya usingizi ya mshipani. Tafiti ndogo nyingi zikafuata, na uchambuzi wa jumla uliozikusanya. Kisha mwaka 2019 likaja jaribio la MYRIAD, lililoongozwa na Giovanni Landoni: wagonjwa 5,400 wa upasuaji wa mishipa ya moyo, vituo 36, nchi 13. Nusu walipewa mvuke, nusu walipewa dawa za mshipani peke yake. Baada ya mwaka mmoja walikuwa wamekufa asilimia 2.8 upande wa mvuke na asilimia 3.0 upande wa pili. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati kwa kuwa hapakuwa na matumaini ya kupata tofauti.

Watetezi wa mvuke wana majibu yao nami nayajua. Watasema upasuaji wa moyo una kinga nyingine, moyo unasimamishwa kwa maji baridi ya potasiamu, mgonjwa amepewa afyuni, na yote hayo yanafunika faida ya mvuke. Inawezekana. Lakini mkisema hivyo mmekubali hoja yangu: kama faida ni ndogo kiasi cha kufunikwa na huduma ya kawaida iliyo nzuri, basi huduma ya kawaida ndiyo kinga. Wengine wananikumbusha kubana mkono kwa mkanda wa kupimia shinikizo kabla ya upasuaji, kwa imani kwamba mkono ukinyimwa damu kidogo, moyo nao hujiandaa. Majaribio mawili makubwa ya mwaka 2015, ERICCA na RIPHeart, hayakuona faida. Mkasema propofoli waliyolazwa nayo wagonjwa ndiyo iliyoharibu kinga. Basi mwaka 2019 likaja jaribio jingine la kubana mkono, CONDI-2 pamoja na ERIC-PPCI, wagonjwa 5,401 wenye mshtuko wa moyo waliokuwa wakifunguliwa mishipa kwa puto, ambako lawama ya propofoli haina nafasi, na bado hapakuwa na faida. Siklosporini, inayofunga ule mlango wa mitokondria, ilipendeza mwaka 2008 kwa wagonjwa 58. Mwaka 2015, kwa wagonjwa 970, haikufanya kitu.

Sisemi tafiti hizo zilikuwa bure. Bila hizo tusingejua seli ya moyo hufa vipi. Nasema tumekaa zaidi ya miaka 30 tukitafuta dawa ya kumwokoa mgonjwa kwenye dakika ambazo tayari tumesimama kichwani pake na mashine zote, na tumeziacha saa ambazo hayupo mtu.

Angalieni utafiti wa VISION. Watu zaidi ya 15,000, wenye umri wa miaka 45 na kuendelea, waliofanyiwa upasuaji usio wa moyo, walipimwa troponini katika siku za kwanza baada ya upasuaji. Ripoti ya mwaka 2014 ilisema asilimia 8 walipata jeraha la moyo. Kati ya hao, ni asilimia 15.8 tu waliokuwa na dalili yoyote. Waliobaki hawakulalamika kifua. Wangelalamikaje? Wamelewa morfini, kidonda cha tumbo kinauma kuliko kifua, wengine bado wana usingizi. Sasa sikilizeni vifo: ndani ya siku 30, waliojeruhiwa moyo walikufa asilimia 9.8, na wasiojeruhiwa asilimia 1.1. Mgonjwa mmoja kati ya kumi! Tungeona vifo vya kiasi hicho mezani, chumba cha upasuaji kingefungwa siku hiyo hiyo na uchunguzi ukaanza. Kwa kuwa vinatokea wodini, kimoja leo na kingine keshokutwa, tunaandika "alibadilika ghafla" na maisha yanaendelea. Hakubadilika ghafla. Moyo wake ulikuwa ukiumia tangu usiku wa kwanza, na damu yake ingekuambia kama ungeichukua.

"Ukiipata troponini iko juu, utafanya nini?" Swali hili huulizwa kila mahali, na huulizwa kana kwamba linamaliza mjadala. Nitafanya mengi. Nitapima umeme wa moyo. Nitaangalia damu kama imepungua, shinikizo, mapigo, oksijeni, maumivu, kama kuna uambukizo au donge la damu kwenye mapafu. Nitamwita daktari wa moyo, tuzungumze juu ya aspirini na statini, dawa ya kushusha kolesteroli, huku tukipima hatari ya kutokwa damu. Nitamzuia kuruhusiwa kesho. Tena mwaka 2018 jaribio la MANAGE lilionyesha kwamba dabigatrani, dawa ya kuzuia damu kuganda, miligramu 110 mara mbili kwa siku, ilipunguza madhara makubwa ya mishipa kutoka asilimia 15 hadi 11 kwa wagonjwa wa namna hii. Lina kasoro zake, wengi waliacha dawa kabla ya wakati, lakini hamwezi tena kuniambia hakuna la kufanya. Na kama maabara yako haina troponini, muuguzi wako ana mkono wa kushika mapigo saa nane za usiku. Mpe idadi ya wagonjwa anayoweza kuihudumia, kisha mwambie ni mapigo mangapi yatakayomfanya akuamshe.

Naonyeshwa saa, kwa hiyo yaliyobaki nitayapitia mbio.

Dawa za kupunguza mapigo: msianze kumpa mgonjwa asubuhi ya upasuaji mkidhani mnamkinga. Jaribio la POISE, 2008, wagonjwa 8,351: metoprololi, mojawapo ya dawa hizo, ilipunguza mishtuko ya moyo, ikaongeza vifo kutoka asilimia 2.3 hadi 3.1, na kiharusi kikaongezeka maradufu. Anayezitumia tangu zamani aendelee nazo.

Shinikizo: uchambuzi wa upasuaji 33,330 uliochapishwa mwaka 2013 ulihusisha wastani wa shinikizo ulio chini ya 55, hata kwa dakika chache, na jeraha la moyo na la figo. Najua, jaribio la POISE-3 lililenga 80 badala ya 60 na halikupata tofauti. Kulenga 80 kwa kila mtu ni jambo moja, kumwacha mzee kwenye 50 huku ukijaza fomu ni jambo jingine.

Oksijeni kwa mwenye mshtuko wa moyo ambaye kiwango chake ni kizuri haina faida, jaribio la DETO2X lilitosha kutuambia hivyo mwaka 2017.

La mwisho ni muda wa kusubiri. Katika takwimu za California zilizochapishwa mwaka 2011, waliopasuliwa ndani ya siku 30 baada ya mshtuko wa moyo walipata mshtuko mwingine kwa asilimia 32.8. Waliosubiri siku 61 hadi 90, asilimia 8.4. Mgonjwa wa ngiri isiyobana asubiri siku 60 au zaidi, na daktari wa upasuaji akikasirika mwonyesheni namba hizo. Wa utumbo uliotoboka hawezi kusubiri. Huyo mpelekeni, lakini kabla hamjamlaza mchukueni damu ya troponini ya kwanza, ili ya kesho asubuhi iwe na cha kulinganishwa nacho.

Karibuni maswali.